Rachel Carson na Samaki wa Hori ya Tudor

Walimu wa biolojia wanalijua jina la Rachel Carson, japo kwa mbali. Walimu wa lugha, ambao ndio wenzangu, aghalabu hawalijui kabisa, na hilo ndilo linalonisukuma kuyaandika haya. Mwanamke huyu wa Kimarekani, aliyefariki mwaka 1964, huhesabiwa miongoni mwa wanasayansi. Lakini ukiyapekua maisha yake utaona kwamba sumu iliyokuwamo ndani ya samaki hakuigundua yeye. Wengine ndio waliopima, wakaandika tarakimu, wakazifungia katika majarida yao. Kazi yake yeye ilikuwa ni kuzitoa tarakimu hizo zilikofungiwa na kuzitia katika lugha ambayo mla samaki angeielewa. Hiyo ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya maabara.

Hapa Frere Town jambo hili lina uzito wake. Mtaa huu wa bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ulianzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa CMS ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Kengele iliyotundikwa hapo ili kuwaonya watu majahazi ya watumwa yanapoonekana ndiyo iliyozaa jina la Kengeleni, kwa kile kiambishi -ni cha mahali ambacho kila mwanafunzi wa sarufi anakijua. Kutoka Kengeleni hadi English Point, Mkomani, ni mwendo wa miguu. Na huko English Point ndiko yaliko makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979. Huko wapo watu wanaojua kupima kilichomo katika maji, katika tope na katika minofu ya samaki. Huku mitaani wapo mama karanga, ambao jioni huteleka makarai yao na watu wakajipanga kusubiri samaki wa moto. Baina ya makundi haya mawili umbali wa nyayo ni mfupi, lakini umbali wa maneno ni mrefu mno.

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, kando ya mto Allegheny. Alikuwa kitindamimba wa watoto watatu. Mama yake, Maria, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na ndiye aliyemtembeza mwituni na kumfundisha majina ya ndege na wadudu. Mji wenyewe haukuwa wa kupendeza: palikuwa na kiwanda cha gundi kilichotoa uvundo, na baadaye mitambo ya umeme iendeshwayo kwa makaa ya mawe ikauzingira. Fedha nyumbani zilikuwa haba siku zote. Akiwa na umri wa miaka 11 hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la watoto liitwalo St. Nicholas. Bahari alikuwa hajaiona.

Mwaka 1925 alijiunga na Chuo cha Wanawake cha Pennsylvania akinuia kusomea Kiingereza ili awe mwandishi. Hapo akakutana na mwalimu wa biolojia, Mary Scott Skinker, na akabadili somo. Wenzake walishangaa, kwani enzi hizo mwanamke aliyesomea sayansi alionekana kuwa amejifungia mwenyewe milango ya kazi. Hata yeye alidhani kwamba ameuaga uandishi. Ilimchukua miaka kadhaa kung'amua kwamba biolojia haikumnyang'anya kalamu, bali ilikuwa imempa cha kuandika. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayelazimishwa kuchagua baina ya sayansi na lugha, kana kwamba ni maadui, na amfikirie binti huyu.

Alifuzu mwaka 1929, na katika majira ya joto ya mwaka huo akapata nafasi ya kukaa katika maabara ya bahari ya Woods Hole, Massachusetts. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kuiona bahari, akiwa na umri wa miaka 22. Mtoto wa Kisauni atacheka kusikia hivyo. Mwaka 1932 akatunukiwa shahada ya uzamili katika zoolojia na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Tasnifu yake ilihusu ukuaji wa kambare akiwa bado kiinitete. Alitaka kuendelea na shahada ya uzamivu, lakini mdororo wa uchumi ulikuwa umeikumba Marekani na jamaa zake walikuwa wakimtegemea, hivyo mwaka 1934 akaacha. Lugha yetu ina mzaha wake hapa: aliyekosa uzamivu wa chuoni ndiye aliyekuja kuwafundisha watu habari za kilindini, ilhali kuzamia kwenyewe, kwa kofia ya kupigia mbizi, alizamia kwa muda mfupi tu huko Florida mwaka 1949.

Baba yake alifariki mwaka 1935. Katika kipindi hicho Idara ya Uvuvi ya serikali ya Marekani ilikuwa ikitafuta mtu wa kuandika vipindi vifupi vya redio juu ya viumbe wa majini. Wataalamu wa idara walikuwa wamejaribu, na maandishi yao hayakusikilizika. Walijua mambo, ila hawakujua kuyasema. Carson aliandika vipindi 52, kila kimoja cha dakika 7. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa utumishi wa serikali, akawashinda watahiniwa wengine wote, akaajiriwa kuwa mwanabiolojia wa ngazi ya chini katika idara hiyo hiyo. Mkubwa wake, Elmer Higgins, alimtaka aandike utangulizi wa kijitabu cha idara. Alipousoma akaukataa, kwa kuwa ulikuwa mzuri mno kwa kijitabu cha serikali, akamshauri aupeleke kwa jarida la Atlantic Monthly. Jarida likauchapisha mwaka 1937. Mwaka huo huo dada yake alifariki akaacha mabinti wawili, na Carson na mama yake wakawachukua. Mshahara mmoja, nyumba ya watu wanne.

Kitabu chake cha kwanza, Under the Sea-Wind, kilitoka Novemba 1941. Wiki chache baadaye Japani ikashambulia Pearl Harbor na hapana aliyekuwa na moyo wa kusoma habari za samaki. Kitabu kilidoda.

Kazi aliyoifanya wakati wa vita haitajwi sana, nami naona kwamba ndiyo ufunguo wa maisha yake. Nyama ilikuwa ikigawiwa kwa vipimo, na serikali iliwataka wananchi wale samaki zaidi, hasa wale waliokuwa wakidharauliwa sokoni. Kati ya mwaka 1943 na 1945 Carson aliandika vijitabu 4 kuhusu samaki na viumbe wenye magamba wa sehemu mbalimbali za nchi: anapatikana wapi, anavuliwa lini, ana lishe gani. Maana yake ni kwamba mtu huyu ambaye baadaye wapinzani wake walimwita mpiga kelele wa kutisha watu, alitumia ujana wake kuwashawishi watu wale samaki. Alimpenda samaki mahali alipo, baharini na sahanini. Anayeijua thamani ya chakula ndiye astahikiye kusikilizwa anaposema kwamba chakula kimeingiliwa.

Mwaka 1945 habari za dawa mpya ya kuua wadudu, DDT, zilikuwa zimezagaa. Ilikuwa imewaokoa askari na raia na homa ya tifasi ienezwayo na chawa, na watu waliiona kuwa ni muujiza. Carson alijua kwamba wenzake serikalini walikuwa wakiijaribu huko Patuxent, Maryland, kuona inavyowadhuru ndege na samaki. Akaliandikia jarida la Reader's Digest akipendekeza makala juu ya majaribio hayo. Jarida halikutaka. Tusiwalaumu sana wahariri wale. Huku kwetu, mwaka 1946, wataalamu Garnham na McMahon walimimina DDT katika vijito vya bonde la Kodera, Nyanza, ili kuua mabuu ya usubi uenezao upofu wa mtoni. Usubi uliangamia Kodera, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 ulikuwa umetokomezwa kwingineko Nyanza. Wako wazee waliokufa wakiwa na macho yao kwa sababu ya dawa hiyo. Anayetaka kuisimulia hadithi ya DDT katika Afrika Mashariki bila ya Kodera anaisimulia nusu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Mwaka 1949 alikuwa mhariri mkuu wa machapisho ya idara yake. Mwaka 1951 alitoa The Sea Around Us, kitabu kilichokaa wiki 86 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani na kumpatia tuzo ya taifa ya vitabu mwaka 1952. Kwa mara ya kwanza fedha hazikumsumbua. Akajiuzulu serikalini, akajenga nyumba ndogo katika kisiwa cha Southport, jimbo la Maine, na mwaka 1955 akakamilisha The Edge of the Sea, kitabu cha viumbe wa ufukoni. Mwaka 1957 mmoja wa wale wapwa zake alifariki, akaacha mtoto wa kiume wa miaka 5 aitwaye Roger. Carson, ambaye hakuolewa, akamchukua kuwa mwanawe.

Mwezi wa Januari 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts, Olga Owens Huckins, alimwandikia kulalamika kwamba ndege za serikali zilikuwa zimenyunyiza DDT ili kuua mbu, na ndege wa kwenye bustani yake wakafa. Carson akatafuta mwandishi wa kuishughulikia habari hiyo, asipate wa kumridhisha, akaamua kuiandika mwenyewe. Alidhani ingekuwa kazi fupi. Ilimchukua miaka 4. Mama yake alifariki Desemba 1958. Mwaka 1960 akapasuliwa kwa saratani ya titi. Ugonjwa huo aliuficha, akijua kwamba wapinzani wangesema kuwa ameyaandika kwa uchungu wa mgonjwa.

Kati ya yote aliyoyakusanya, nitakaa na samaki. Huko New Brunswick, Kanada, mwaka 1954, misitu ilinyunyiziwa DDT ili kuua viwavi, na mto Miramichi ukabeba dawa hiyo. Makinda ya samoni ya mwaka huo yalikufa karibu yote. Kisa hicho kinatisha, lakini ni rahisi kukielewa: sumu iliingia, samaki wakaelea. Cha pili ndicho kigumu zaidi, na mwalimu angefanya vyema akakiandika ubaoni.

Katika jimbo la California lipo ziwa liitwalo Clear Lake. Wavuvi wa kujistarehesha walikerwa na vijidudu mfano wa mbu, visivyouma, vilivyojaa hapo. Mwaka 1949 ziwa likatiwa DDD, dawa ya ukoo mmoja na DDT iliyodhaniwa kuwa ni salama zaidi kwa samaki, kwa kiasi cha sehemu 1 ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Vijidudu vilipungua, kisha vikarudi. Mwaka 1954 wakatia tena, safari hii sehemu 1 kwa milioni 50, na mwaka 1957 wakarudia. Baada ya hapo vibisi, wale ndege wazamiaji wanaokula samaki, wakaanza kufa. Hawakuwa na maradhi yoyote yaliyojulikana. Mtu alipofikiria kupima mafuta ya miili yao, alikuta sehemu 1,600 za sumu kwa kila milioni. Kati ya jozi 1,000 za vibisi zilizokuwa zikizaliana ziwani, zikabaki kiasi cha jozi 30.

Sumu ilipandaje kiasi hicho? Majini ilikuwa sehemu 0.02 kwa milioni. Katika planktoni, yaani viumbe vidogo mno wanaoelea majini, ilikuwa sehemu 5. Katika samaki walao mimea ilikuwa kati ya 40 na 300. Katika samaki walao wenzao ilizidi, na kambare mmoja alikutwa na sehemu 2,500. Naam, kambare, jamaa wa yule aliyempatia Carson shahada yake. Mwanafunzi na agawanye 2,500 kwa 0.02, atapata 125,000. Kila mlaji huipokea sumu ya wote aliowala, na kwa kuwa mwili hauwezi kuitoa haraka, humlimbikizia. Muda mfupi baada ya dawa kutiwa kwa mara ya mwisho, maji yenyewe yalipimwa na kukutwa safi, hayana hata chembe. Sumu ilikuwa imehama kutoka katika maji na kuingia katika miili ya walioishi humo, na vizazi vya planktoni vilivyozaliwa baadaye viliendelea kuibeba.

Hapa ndipo kisa cha Clear Lake kinapomgusa mtu wa Frere Town. Maji yakionekana safi, au hata yakipimwa yakawa safi, hayo si habari ya samaki. Aidha, moto wa karai huua vijidudu vya maradhi vitokanavyo na majitaka, na kwa hiyo samaki aliyeiva vizuri ni bora kuliko mbichi. Lakini risasi, kadimiamu na zebaki haziungui. Zebaki ikishaingia katika mnofu wa samaki haitoki kwa chumvi wala kwa ndimu. Chaza, ambao huchuja maji ili wapate chakula, hukusanya kilichomo katika hori kuliko samaki apitaye njia. Samaki wakubwa walao wenzao na kuishi miaka mingi, kama papa na nduaro, hubeba zebaki zaidi kuliko dagaa na tafi, na zebaki yao hutoka mbali, si lazima itoke kwetu. Mama mjamzito ana haki ya kulijua hilo, maana ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaodhurika kwanza. Wala halimwambii aache samaki. Linamwambia amchague dagaa.

Hori zetu nazo zina historia yao. Mwaka 1988 tangi lilitoboka na mafuta kiasi cha tani 5,000 yakamwagika katika hori ya Makupa, mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivujisha shehena yake upande wa Port Reitz. Kwa miongo kadhaa taka za mji zilitupwa Kibarani, ukingoni kabisa mwa maji, hadi jaa hilo lilipofungwa katika miaka ya 2010 na mahali hapo kupandwa miti. Tuta la barabara ya Makupa lilizuia maji ya Tudor na ya Port Reitz yasikutane, mpaka lilipoondolewa na daraja jipya kufunguliwa mwaka 2022. Majitaka ya mji nayo yana njia zake za kufika horini, na wakazi wa Tudor na Mikindani hawahitaji mtafiti wa kuwaonyesha. Huko Owino Uhuru, bara ya magharibi, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi katika damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu iliyokatiwa rufaa hadi Mahakama ya Juu.

Watafiti hawakulala. Tope la Kilindini na la Makupa limepimwa metali nzito, na ilionekana kwamba Makupa, kwa sababu ya jaa la Kibarani, ndiyo iliyoelemewa zaidi. Kazi hizo ni za heshima. Lakini karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza cha watu wachache, katika majarida ambayo mwalimu wa shule ya msingi Kisauni hawezi kuyapata, sembuse mvuvi. Simlaumu mtafiti, anapandishwa cheo kwa makala ya jarida, hapandishwi kwa kuzungumza na mama karanga. Lakini matokeo yake ni kwamba habari za samaki humfikia mlaji kwa njia ya uvumi peke yake. Siku moja atasikia kwamba samaki wote wana sumu, akaacha kununua, na wavuvi wasio na hatia wakalala njaa. Siku ya pili atasikia kwamba ni uongo mtupu, akala kila kitu. Mwaka 1999, ilipobainika kuwa wapo wavuvi waliotumia dawa za kuulia wadudu kuvulia samaki katika Ziwa Viktoria, Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hilo wasiingie kwao. Mlaji wa Ulaya alilindwa kwa barua rasmi. Mlaji wa Kisumu alijisomea magazetini.

Kitabu cha Carson kilianza kutoka kwa sehemu katika jarida la The New Yorker mwezi wa Juni 1962, na tarehe 27 Septemba kikatoka kamili kwa jina la Silent Spring. Nimewahi kuwapa wanafunzi zoezi la kulifasiri jina hilo, na ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana. Pwani yetu haina majira ya machipuko. Tuna kaskazi na kusi, masika na vuli. Masika ya kimya ni fasiri inayokaribia, kwa kuwa mtu wa huku anajua kelele za vyura mvua inaponyesha, na usiku wa mvua usio na chura ungemshtua. Mmoja wa wanafunzi alipendekeza kusi lisilo na ndege, akasahihishwa na wenzake kwamba kusi ndilo wakati ambao hata wavuvi wenyewe hunyamaza. Mjadala huo ulikuwa na faida kuliko mihadhara yangu mingi. Kufasiri ni kuuliza jambo lile lile lingemuumiza vipi mtu wa mahali pengine.

Viwanda vya kemikali vilimjia juu. Kampuni moja ilitishia kumshtaki mchapishaji. Zilitumika dola zipatazo 250,000 kumpaka matope. Aliitwa mjinga, mwenye hisia nyingi, hata mkomunisti, na wako waliomkejeli kwa kuwa hakuolewa. Kitabu kilikuwa na kurasa zaidi ya 50 za marejeo, na wengi wa waliomshambulia hawakuzigusa. Mwezi wa Aprili 1963 alionekana katika televisheni ya CBS akizungumza kwa upole na utulivu. Watu walioketi majumbani waliona kuwa huyu si yule mwendawazimu waliyesimuliwa. Mwezi wa Mei, kamati ya wanasayansi ya Rais Kennedy ikatoa ripoti iliyomuunga mkono kwa sehemu kubwa. Mwezi wa Juni alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Wakati huo saratani ilikuwa imeenea mwilini.

Lipo shutuma moja ambalo msomaji wa Kiafrika hana budi kulipima mwenyewe. Wako wanaosema kwamba Carson, kwa kuifanya DDT ichukiwe, aliwaua mamilioni ya Waafrika kwa malaria. Anayesoma kitabu chenyewe hakuti mahali popote anapotaka dawa zote za kuua wadudu zipigwe marufuku. Alitaka zitumike kwa uangalifu na kwa haja, na alitahadharisha kwamba zikimwagwa ovyo mashambani wadudu watazizoea, na siku ya kuzihitaji kwa maradhi hazitafaa kitu. Mbu walianza kuizoea DDT kabla hata ya kitabu kutoka. Marekani iliizuia mwaka 1972, na Kenya ikaizuia katika kilimo mwaka 1986, lakini Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliacha mlango wazi kwa nchi inayoihitaji kupambana na malaria, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likaunga mkono tena kupulizwa kwake ndani ya nyumba. Ukuta wa chumba na mto wenye samaki ni mahali pawili tofauti. Kumtwika Carson makaburi ya Afrika ni dhuluma, na inashangaza kwamba aghalabu wanaofanya hivyo hawakuwa na habari na makaburi hayo kabla ya kupata la kubishia.

Katika miaka ile ile ambayo Carson alikuwa akiandika, upande wa pili wa dunia, watu wa Minamata, Japani, walikuwa wakipooza na kufa kwa kula samaki wenye zebaki. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1959 daktari wa kampuni ya Chisso, Hosokawa Hajime, alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, paka akaugua kama walivyougua watu. Kampuni ilimzuia asiendelee, na matokeo yakawekwa kabatini. Serikali ya Japani ilikiri chanzo cha ugonjwa mwaka 1968. Miaka 9 watu waliendelea kula, ilhali tarakimu zilikuwapo.

Rachel Carson alifariki nyumbani kwake Silver Spring, Maryland, tarehe 14 Aprili, 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Nusu ya majivu yake ilizikwa kando ya mama yake. Nusu nyingine rafiki yake, Dorothy Freeman, aliitia baharini huko Southport.

Kwa mwalimu wa Kiswahili atakayetaka kulifanyia kazi jambo hili, ningependekeza aanze na jedwali moja tu la utafiti wa hori zetu. Awaombe watafiti wa English Point wamfafanulie safu zake, kisha awape wanafunzi wa kidato cha tatu walieleze katika kurasa mbili za Kiswahili, bila ya neno la Kiingereza hata moja na bila ya kuongeza chumvi. Atakuta kwamba istilahi si tatizo: zebaki, risasi, tope na mikoko ni maneno yetu ya siku nyingi. Kitakachowasumbua ni kusema sehemu 0.02 kwa milioni ni kitu gani. Wakishakipata, wakawasomee mama karanga wa Kongowea, na wasikilize wanavyoulizwa maswali.